Dotasio: neno la wafalme mu sheria ya migodi

Mu vijiji vinavyozunguka migodi ya Lualaba kuna neno moja ambalo miaka ya nyuma watu wachache tu walilijua, na leo hata mutoto wa primeri analisema: dotasio. Kampani inatangaza kama imetoa dotasio. Kijiji kinajibu kama hakijaona kitu. Shefu anauliza sababu gani dotasio haikupita kwake. Na vijana wa Musonoi ao wa Kapata wanauliza swali fupi kuliko yote: "Ile makuta njo ya nani?"

Sehemu ya jibu iko ndani ya neno lenyewe, juu neno hili halikuzaliwa mu migodi. Lilizaliwa mu ndoa, likakua mu nyumba za wafalme, na likafika kwetu ndani ya sheria wakati lilikuwa tayari mzee. Mutu akisimama mbele ya mukutano na kuombwa alitafsiri, anatafuta mu Kiswahili na anakosa neno moja linalotosha. Anaweza kusema "zawadi". Anaweza kusema "musaada". Kama alisoma vitabu vya Tanzania atasema "ruzuku". Na kama ni mutu wa mashirika ya raia, atasema "haki". Mutu aliyesikia zawadi anasema aksanti na anarudi nyumbani. Mutu aliyesikia musaada anakaa kungoja mwingine. Mutu aliyesikia haki anaomba kuona makaratasi. Franga ni zile zile, lakini mukutano unaisha kwa namna tatu tofauti.

Tuanze na sheria. Kode ya Migodi ya 2002 ilibadilishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018. Mu mabadiliko hayo kukaingia kifungu 258 bis. Kinasema kama kila kampani yenye haki ya kuchimba inalazimishwa kuweka pembeni dotasio kwa ajili ya miradi ya maendeleo ya jamii. Kiasi chake cha chini ni 0,3% ya mauzo yote ya mwaka. Ile dotasio inapashwa kuwekwa yote mu mikono ya jamii za pale mbele mwaka unaofuata haujaisha. Na inasimamiwa na chombo maalum ambamo wanakaa wajumbe wa kampani na wajumbe wa jamii zile mugodi unazigusa moja kwa moja. Ku Kolwezi na ku Fungurume vyombo hivyo watu wamevipa jina fupi: DOT, kisha jina la kampani. DOT-KCC, DOT-TFM, na kadhalika.

Watu wa Fungurume watasema kama hesabu ya 0,3% waliijua mbele ya Kinshasa, na hawadanganyi. Mukataba wa Tenke Fungurume Mining ulikuwa tayari na mufuko wa jamii uliohesabiwa kwa 0,3% ya mauzo, miaka mingi mbele ya 2018. Tofauti ni kama zamani ilikuwa ahadi ya kampani moja mu mukataba wake. Leo ni sheria kwa wote.

Sasa neno. Kwa Kilatini, lugha ya Warumi wa zamani, kulikuwa neno "dos": mali ile binti anaingia nayo kwa bwana yake siku ya ndoa. Kutoka hapo Wafaransa wakapata "dot", na wakapata pia tendo la "kumupa mutu dot", maana yake kumuwekea mali ya kumutunza asije kwa mikono mitupu. Haikuchukua muda, tendo hilo likatoka mu ndoa. Mufalme akijenga kanisa, nyumba ya watawa ao hospitali, alikuwa analipatia mashamba, misitu, hata mapato ya kijiji kizima, ili liishi bila kuomba kila siku. Hiyo njo ilikuwa dotasio: kipande mufalme anakikata mu mali yake, ao mu mali anayosema ni yake, na kumupa yule anayependa kumushikilia karibu.

Maneno ya mwisho hayo si ya kupita haraka. Dotasio ya mufalme ilikuwa inafunga. Napoleon wa Ufaransa, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, aliwagawia majenerali wake dotasio kubwa. Franga zilitoka mu mashamba ya inchi zile alizoshinda kwa vita, Poland, Ujerumani, Italia. Wakulima wa kule walilipa, jenerali akala, na jenerali akabaki mutiifu kwa yule aliyemupa. Na Napoleon alipoanguka, dotasio nyingi zikaanguka naye. Kitu kilichotoka mu mukono wa mutu mumoja hakiishi kupita ule mukono.

Ku Ubelgiji neno bado liko kazini. Kila mwaka bunge la kule linapiga kura ya franga za nyumba ya mufalme. Zile za mufalme mwenyewe zina jina lao, lakini zile wanazopata baba yake na ndugu zake zinaitwa dotasio mupaka leo. Mu mwezi wa tatu 2018, mwezi ule ule Kode yetu ilitiwa sahihi ku Kinshasa, wabunge wa Ubelgiji walimukata mwana-mufalme Laurent 15% ya dotasio yake ya mwaka, juu alivaa uniforme na kwenda ku sherehe ya ubalozi wa China bila ruhusa ya serikali. Hayo mawili hayana uhusiano wowote, ila yanaonyesha kitu: mu kinywa cha Mubelgiji, dotasio ni kitu ambacho mutoaji anaweza kupunguza kama mupokeaji hakujipanga vizuri. Ni neno lenye kamba ndani.

Congo ilionja dotasio ya namna hiyo mapema, na ilionja upande mubaya. Léopold II alikata eneo kubwa la misitu, kubwa mara kadhaa kuliko Ubelgiji yenyewe, na kulifanya mali ya Taji, mapato ya mupira yaende ku kazi zake. Mu 1908, wakati Ubelgiji ilichukua inchi kutoka mukononi mwake, hakukubali kuachilia bure. Wakamuwekea mufuko wa milioni 50 za franga kama alama ya shukrani. Na ule mufuko haukulipwa na Wabelgiji. Uliandikwa ku deni la koloni. Yaani Congo njo ilimulipa mufalme asante ya kuitawala. Mutu akitafuta mufano wa dotasio iliyopinduliwa miguu juu, hatapata kingine kizuri kuliko hicho.

Na Katanga? Hapa kwetu tarehe zinasema zaidi kuliko maelezo. Compagnie du Katanga iliundwa tarehe 15 mwezi wa nne 1891. Serikali ya Léopold iliipatia theluthi moja ya ardhi yake mu Katanga, pamoja na haki za madini. Siku ile, Msiri alikuwa muzima, anakaa Bunkeya, anapokea shaba, chumvi na pembe za ndovu kutoka kwa mashefu wa huku na huku, na hakuwa ametia sahihi kitu. Aliuawa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule, na watu wa safari ya Stairs, safari iliyolipwa na kampani ile ile. Kwanza walipewa ardhi, kisha wakaja kuitafuta. Mu 1900 serikali na kampani wakaunganisha mikono mu Comité Spécial du Katanga, theluthi mbili kwa serikali, theluthi moja kwa kampani, na mu 1906 ikazaliwa Union Minière, mama ya Gécamines. Mizizi ya karibu kila kibali kikubwa cha shaba mu Lualaba inarudi ku zawadi ile ya mufalme ambaye hakukanyaga hapa hata siku moja.

Wazee wanakumbusha kama Katanga ilikuwa na neno lake la mambo haya mbele ya Muzungu. Mulambu. Kwa Waluba na kwa Walunda, mulambu ni kile watu wanapelekea mukubwa wa inchi: nyama ya muwindo, samaki, chumvi, shaba. Kutoka vijiji vya mbali, mulambu ulipanda hatua kwa hatua mupaka Musumba, kwa Mwant Yav. Wageni walioandika habari hizo waliita mulambu kodi, lakini neno hilo linabana. Kodi inaenda na hairudi. Mulambu ulikuwa unarudi, ingawa si wote na si kwa wote: mukubwa alikula na wageni wake, alisaidia wakati wa njaa, alimupa mutu cheo na alama za cheo.

Kwa Walunda kulikuwa tofauti moja nzuri ya kujua leo. Kulikuwa mwenye inchi, yule ambaye wakubwa wake walifika wa kwanza na wanalala mu ule udongo. Na kulikuwa cilool, mutu wa mufalme, anayesimamia eneo na kukusanya mulambu. Mufalme alikuwa anaweza kumupa mutu cheo cha kukusanya. Lakini udongo wenyewe hakuugawa, juu haukuwa wake wa kugawa. Linganisha hiyo na theluthi ya 1891.

Maneno ya namna hii yanaharibika haraka. Ku pwani ya Mashariki, na mu njia zote za misafara kuelekea Tanganyika, kulikuwa "hongo": kile musafara unalipa shefu ili upite mu inchi yake kwa amani. Ilijadiliwa mchana, mbele ya watu, na aliyelipa alilindwa. Leo, mutu wa Dar es Salaam ukimwambia hongo anaelewa kitu kimoja tu, franga za kificho za kumununua mukubwa. Kwetu hongo tunaita matabisi, ingawa matabisi nayo ilianza kama kitu kidogo cha kumushukuru mutu. Neno halikubadilika herufi hata moja. Mahali palibadilika: kutoka mbele ya watu, kwenda nyuma ya mulango.

Na hapo njo hatari ya dotasio. Shefu wa grupema akisikia kama kampani imetoa franga juu ya udongo wake, sikio lake linasikia mulambu, na kwa desturi yake hajakosea. Mugeni amefika, anachimba, analeta kitu kwa mwenye inchi. Katiba, mu kifungu 207, inatambua mamlaka ya kimila, na kuna sheria ya 2015 juu ya mashefu. Lakini kifungu 258 bis hakisemi shefu. Kinasema jamii. Shefu anaweza kukaa mu chombo, anaweza kusema, anaweza kukataa, lakini zile franga hazipiti mu nyumba yake na kugawanywa kutoka pale. Mashefu wengine wamelielewa na wanalikubali. Wengine wanaona wamenyanganywa kitu mara ya pili, na ni vema kusema wazi kama hasira yao haikutoka hewani. Tangu sheria ya Bakajika ya tarehe 7 mwezi wa sita 1966, udongo na kile kilicho chini yake ni vya Serikali, na Katiba inaipa Serikali mamlaka ya kudumu juu yake. Kwa hiyo mwenye inchi alibaki na jina, na mwenye kutoa kibali akawa mwingine.

Kinachoongeza fujo ni kama kuna mifuko mitatu, na watu wengi wanaimimina yote mu neno moja la DOT.

Mufuko wa kwanza ni redevansi ya madini. Neno hilo kwa Kifaransa linatoka ku tendo la kudaiwa, ni deni. Majirani zetu wa Zambia, kwa Kiingereza, wanaiita royalty, kitu cha mufalme, juu zamani ku Ulaya madini mengi yalihesabiwa kuwa ya mufalme na muchimbaji alimulipa sehemu yake. Kwetu, kwa shaba redevansi ni 3,5%. Kwa kobalti ni 10%, tangu iliwekwa ku mustari wa madini ya kistratejia mu mwezi wa kumi na moja 2018. Inagawanywa hivi: 50% kwa serikali ya kati, 25% kwa jimbo, 15% kwa ETD ile mugodi uko ndani yake, na 10% kwa mufuko wa vizazi vijavyo. ETD ni muji, komine, sekta ao sheferi. Kijiji si ETD. Grupema si ETD. Lakini sheferi ni ETD, na kichwa chake ni shefu wa kimila, kwa hiyo kuna shefu ambaye kwa sheria anashika ile 15% na mwingine wa karibu naye ambaye hashiki kitu. Watu wakiona wa kwanza amenunua gari na wa pili anatembea na kinga, wanadhani mumoja amekula dotasio. Pengine amekula, pengine hapana, lakini dotasio siyo mufuko ule. Franga za ETD zinaulizwa mu bajeti ya ETD.

Mufuko wa pili ni dotasio yenyewe. Haipiti Kinshasa, haipiti jimbo, haipiti hazina.

Wa tatu ni ile daftari ya ahadi, kaye de sharje, ambamo kampani na jamii wanaandika kazi za kufanya: masomo, maji, barabara, kituo cha afya. Ule unalipwa pembeni ya dotasio. Hapa panapaswa macho. Kisima kimoja kinaweza kupigwa picha mara mbili, mara moja kama ahadi ya daftari na mara ya pili kama mradi wa DOT. Bila kusoma makaratasi yote mawili, kijiji hakiwezi kujua kama kilipata visima viwili ao kimoja chenye majina mawili.

Hesabu inasaidia. Tuseme kampani imeuza kwa mwaka mali ya dola milliardi moja, yote shaba. Dotasio ya chini ni dola milioni 3. Redevansi ya 3,5%, kama tunahesabu kwa namna nyepesi, ni milioni 35, na 15% yake inayoenda kwa ETD ni milioni 5 na laki mbili na nusu. Yaani fungu la sekta ao komine ni karibu mara mbili ya fungu la DOT. Hata hivyo watu wanapigana ku DOT. Sababu si ngumu: ku DOT kuna kiti cha mujumbe wa kijiji, kuna jina la mutu unayemujua, kuna mulango wa kugonga. Redevansi inapita juu sana, kama ndege.

Milioni 3 ni nyingi? Zigawanye kwa vijiji 30 na kila kijiji kinapata laki moja ya dola. Inatosha masomo ya vyumba vichache, ao maji, si vyote viwili. Na neno liko mu sheria ambalo watu wanalisahau: "kiasi cha chini". 0,3% ni sakafu. Kampani inayotoa 0,3% sawasawa, bila hata sentime moja juu, imetii sheria. Haijatoa zawadi.

Mwaka 2025 ulileta jambo lingine, na linaanza sasa kuonekana mu vijiji. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025, ARECOMS, mamlaka inayosimamia soko la madini ya kistratejia, ilisimamisha kutoa kobalti inje kwa miezi minne, juu bei ilikuwa imeanguka sana. Mu mwezi wa sita ikaongeza miezi mitatu. Kutoka tarehe 16 mwezi wa kumi, kobalti ikaanza kutoka kwa vipimo: tani 18 125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, na tani 96 600 kwa mwaka mu 2026 na 2027. Serikali ilitaka bei ipande, na ilipanda. Kwa inchi nzima hoja hiyo ina nguvu.

Lakini angalia kifungu. Dotasio inahesabiwa ku mauzo. Kobalti iliyolala mu depo haijauzwa. Kobalti ambayo haijauzwa haileti 0,3%. Kampani inayotegemea zaidi shaba itasikia kidogo, na bei ya shaba imekuwa nzuri. Kampani ambayo mauzo yake yalibebwa na kobalti itakuwa na mwaka mwembamba, na DOT yake itakuwa nyembamba vile vile, ingawa vumbi, magari makubwa na mashimo hayakupungua. Kwa ETD pigo linaweza kuwa kubwa zaidi, juu kobalti njo inalipa 10%. Bei ikikaa juu, mauzo ya tani chache yanaweza kurudisha sehemu ya kile kilichopotea. Ni nani atawaeleza watu wa kijiji mahesabu hayo? Kama hakuna mutu atakayeyaeleza, wataambiwa "mwaka huu franga ni kidogo", na watajibu kwa neno lao la kawaida, kama bakubwa wamekula. Mara hii pengine jibu litakuwa si kweli, na hakuna atakayeamini.

Kuna swali lingine gumu, la nani anahesabiwa. Sheria inasema jamii zinazoguswa moja kwa moja. Mu kijiji cha zamani, chenye shefu na makaburi, jibu ni rahisi kidogo. Lakini Kolwezi ni muji uliojengwa na mugodi. Ku Musonoi, Kapata, Luilu, kuna watu ambao wakubwa wao waliletwa na Union Minière kutoka Kasai na kwingine, wamezaa pale, wamezika pale. Ku Kasulo mashimo yaliingia mupaka mu parcelle. Kuna wachimbaji wa mikono waliofika juzi. Wote wanavuta vumbi lile lile. Kama tunasikia mu dotasio sauti ya mulambu, hao hawana kitu, juu si wenye udongo. Kama tunasikia ndani yake malipo ya kuguswa, wanaingia wote, hata yule aliyefika mwaka jana. Vyombo vya DOT vinalazimishwa kuchagua kila mara wanapochora mupaka, hata kama hawasemi wazi. Kolwezi inajua vizuri ugomvi wa "wa hapa" na "wa kuja" ulifanya nini mu miaka ya 1990. Kwa hiyo ule mupaka usichorwe mu chumba kilichofungwa.

Wamama, kwa upande wao, wamekwisha kupata tafsiri yao, na ni ya kuchekesha lakini ina akili. Kwa Kifaransa cha Congo, mali ile bwana anatoa kwa wazazi wa binti inaitwa pia "dot". Wazungu walikuwa na binti anayepeleka mali, sisi tuna bwana anayepeleka mali, neno likageuka mwelekeo likiwa linavuka bahari. Basi DOT ya kampani, watu wanasema, ni doti: umekuja kuchukua binti yetu, leta mali. (Wapwani wana doti nyingine, ile ya vipande viwili vya kanga. Haina undugu na hii.)

Tuichukue kwa uzito kidogo. Mu ndoa, mutoaji si mufalme, ni yule anayechukua. Haongei kama mutu wa huruma, anaongea kama mukwe, na anakaa chini. Kiasi kinajadiliwa mbele ya familia mbili, kinaandikwa ku karatasi, na mashahidi wanahesabu: mbuzi, kitenge, suti ya baba, franga. Sheria ya Familia ya 1987 inalazimisha doti, na inasema ndoa haiwezi kufungwa kama doti haijalipwa hata kwa sehemu. Kuna mali ambayo inapashwa kuonekana mbele binti hajatoka ku nyumba. Dotasio ya migodi inakuja nyuma: kwanza kuchimba, kisha kuuza, kisha kuhesabu, na mupaka mwisho wa mwaka unaofuata kuleta. Na tofauti nyingine, ile inayouma zaidi: mutoto wa kike anaweza kurudi kuwasalimia wazazi wake. Shaba hairudi.

Tafsiri ya wamama iko karibu na kifungu 258 bis kuliko "zawadi" na kuliko "musaada". Inaweka deni mahali pake, kwa yule anayechukua. Inaomba mashahidi. Na inakataza kitu kimoja ambacho neno la wafalme lilikuwa linaruhusu: mukwe hawezi kusema atapunguza mali juu wazazi wamesema vibaya. Kijiji kinacholalamika ku redio juu ya maji machafu hakipotezi 0,3% yake. Hakuna mustari mu Kode unaosema jamii inapashwa kuwa na adabu kwanza.

Kwa wale wanaokaa mu kijiji chenye DOT, tarehe ya kushika ni hii. Dotasio iliyohesabiwa ku mauzo ya 2025 inapashwa kuwa mu mikono ya jamii yote mbele ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2026. Karatasi za kuomba kwa wajumbe wenu ni mbili: mauzo ya kampani ya mwaka ule, na kiasi kilichoingia mu konti ya DOT. Ya pili ukiigawa kwa ya kwanza inapashwa kutoa angalau 0,003. Kalkulatere ya telefone inatosha.